Mtani Aliyelala Kaburini

Modesta wa Msamvu hajui kuogelea, na bahari anaiogopa kama mbuzi anavyoogopa mvua, lakini mkate wake unatoka pwani. Kazi yake ni kuwachukua watu Dar es Salaam na kuwafikisha Tanga, au kuwatoa Tanga na kuwarudisha Dar, gari zima likiwa lao, hakuna kusimama njiani kupakia magunia ya mtu mwingine. Mwenyewe anaishi hapo Msamvu, Morogoro, maana ndiko kwao, na asipoiona milima ya Uluguru asubuhi chai haimshuki. Wateja wakimuuliza mbona dereva wa njia ya Tanga anakaa Morogoro, huwajibu kwamba gari lina magurudumu, halina mizizi.

Majirani watakwambia Modesta ni mpole. Wanamsingizia. Modesta ni mtu wa kinyongo, na kinyongo chake amekilea vizuri kuliko wengine wanavyolea watoto. Wahenga walisema mtenda husahau lakini mtendewa hasahau. Huyu hata asingeambiwa na wahenga angelijua hilo mwenyewe.

Jumatatu moja alikuwa nyuma ya nyumba akiosha Noah yake, simu ikaita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Nani mwenzangu?"

"Naitwa Innocent, mama. Namba yako nimepewa na mtu wa nyumbani, Mkuyuni. Nahitaji gari la kututoa Dar mpaka Tanga, Jumamosi. Liwe letu peke yetu, tusichanganywe na watu."

"Halichanganywi. Mko wangapi, na mna mizigo gani?"

"Wanne. Mimi, rafiki zangu wawili, na mjomba. Mizigo ni kanga, sukari, vitu vya watu wa heshima. Tunakwenda kuposa, mama."

Modesta akapiga kigelegele hapohapo simuni, mpaka kuku wakatawanyika. Kisha akauliza swali analowauliza wateja wote, jina la mkubwa wa msafara, ili amwamkie vizuri na amwekee kiti cha mbele.

"Mjomba Eustace," kijana akasema.

"Eustace yupi? Wa kule juu ya Mkuyuni, anayeishi Dar siku hizi?"

"Huyohuyo! Kumbe mnafahamiana?"

"Ni mtani wangu," alisema Modesta.

Kijana akacheka kwa furaha. "Basi safari itanoga!"

"Itanoga," Modesta akajibu. Alipokata simu alikuta amekikamua kitambaa cha kuoshea gari mpaka kimekauka.

Sasa, kwa asiyejua mambo ya Waluguru: kule milimani koo zina utani wao. Mtu wa ukoo mtani anaweza kukutukana mbele ya mkweo, akakunyang'anya mnofu mdomoni, na wewe huna ruhusa ya kununa. Ndiyo maana siku ya msiba mtani ana kazi kubwa. Yeye ndiye anayechimba kaburi, na kabla mwili haujashushwa anaweza kuruka akalala shimoni, akagoma kutoka mpaka wafiwa wampe kitu. Watu wanacheka huku wanalia, anapewa kuku au kanga, anatoka, maziko yanaendelea. Akidai kitu kizito anapewa pia, maana kila mtu anajua kwamba kabla matanga hayajaanuliwa atakirudisha kwa vicheko, wale ubwabwa pamoja yaishe.

Siku alipozikwa mama yake Modesta, Eustace ndiye aliyelala kaburini. Mvua ya masika ilikuwa ikinyesha, udongo mwekundu unateremka shimoni, katekista ameshika kitabu ndani ya mfuko wa plastiki. Eustace alipewa kuku, akakataa. Akapewa kanga, akakataa. Akasema anataka cherehani ya marehemu. Watu wakacheka wakidhani anaupamba utani, lakini Eustace alifumba macho kama mtu aliye kitandani kwake, na jeneza likaendelea kunyeshewa. Modesta alikuwa msichana aliyemaliza shule mwaka uleule. Mama yake alimwachia cherehani ile kwa kinywa chake mwenyewe, akiisha kumfundisha kukata na kushona, ili asije akamtegemea mtu. Aliinuka akaenda nyumbani, akarudi nayo kichwani kwenye utelezi, akaitua ukingoni mwa kaburi. Eustace akatoka anacheka.

Jioni ileile akaipandisha kwenye lori la ndizi, ikaenda Dar kuuzwa. Matanga yakaanuliwa, cherehani haipo. Modesta alipokwenda kulalamika kwa wazee wa ukoo, wakamkemea. Mtani hanuniwi, walimwambia, unataka kututia aibu? Alimezea. Akabeba mboga kichwani kutoka Mkuyuni mpaka sokoni mjini miaka na miaka, shingo ikaota sugu, hadi alipojifunza kuendesha pikapu ya mchuuzi mmoja na kutoka hapo akapata njia yake. Wanaomwona leo ameshika usukani husema Mungu amemfungulia. Yeye anajua ni nani aliyemfungia.

Wiki ile Modesta alilala usingizi mtamu. Kwanza alifikiri asiende kabisa, wamsubiri Dar na kanga zao mpaka jua liwachome. Halafu akafikiri gari liharibike pale Wami. Yote mawili akayatupa. Gari kuharibika ni bahati mbaya tu, na bahati mbaya haina jina. Yeye alitaka Eustace alijue jina. Alijua vilevile kwamba posa ya kijana asiye na kosa ingeingia matatani, na kwa kweli jambo hilo halikumsumbua. Dawa ya moto ni moto, na moto ukiwaka hauchagui nyasi.

Jumamosi alimkuta Eustace nyumbani kwa Innocent, amevaa suti ya rangi ya maziwa na miwani myeusi. Mluguru yeyote anajua kwamba mjomba ndiye mdomo wa mpwa wake. Baba anaweza kubaki nyumbani, lakini posa bila mjomba haizungumzwi. Eustace alikuwa ameyabeba madaraka hayo kama askofu.

"Loo, hili zee bado halijafa!" alimtania Modesta papo hapo. "Nani kampa nyani usukani?"

"Nimekusubiri wewe utangulie, nikalale kaburini kwako," Modesta akajibu, na vijana wakaangua kicheko.

Njiani Eustace hakunyamaza. Alieleza jinsi wazee wawili wa ukoo walivyotaka kuja kutoka Mkuyuni, akawakataza. "Waje na miguu yao yenye udongo wanitie aibu kwa watu wa mjini? Mjomba mmoja anatosha." Walipovuka Wami akakumbuka jambo, akajipiga paja. "Innocent, unajua cherehani ya mama yake huyu ilinipangishia chumba changu cha kwanza Dar? Niliilalia kaburini! Mvua yote ile!"

Vijana walicheka kidogo, wakamtazama dereva. Modesta naye alicheka, jino pembe, macho barabarani. Mpaka dakika ile alikuwa hajaamua atafanya nini. Sasa aliamua. Walipita Segera wakakata kulia, wakapita Muheza na machungwa yake, hakuna aliyejua kwamba dereva amekwisha kufika.

Nyumba ya wakwe ilikuwa na ua na lango la chuma. Bibi yake mchumba, Bibi Bernadeta, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuuza samaki, alikuwa amesimama uani na wenzake, vigelegele vimeshaanza. Modesta akazima gari, akashuka wa kwanza, akatembea mpaka langoni na gauni lake la kitenge lililopigwa pasi, akalala chali, kutoka nguzo mpaka nguzo.

"Hapiti mtu," alisema.

Vigelegele vikakatika, kisha vikarudi maradufu. Eustace alicheka kuliko wote. "Mtani wangu huyo, jamani, msishangae! Mpeni soda atoke!"

Innocent akatoa kanga kwenye mizigo, akamtandikia miguuni kwa adabu. Modesta akaisukuma kwa kisigino.

"Nataka cherehani ya mama yangu."

"Haya, cherehani anataka!" Eustace aliwageukia wenyeji, mikono hewani. "Nitakuletea ya dhahabu! Toka sasa, watu wana njaa."

"Cherehani gani?" akauliza Bibi Bernadeta.

Modesta akamweleza, akiwa amelala vilevile, akiongea na mawingu. Alieleza mvua, jeneza lililonyeshewa, kuku aliyekataliwa, lori la ndizi. Alieleza matanga yalivyoanuliwa na yeye akiitazama njia. Hakupaza sauti wala hakulia. Mwanzoni bado kuna waliocheka, baadaye mmoja tu, na yule mmoja alipojisikia anacheka peke yake akaacha.

"Utani tu, mama," Eustace alisema. "Mambo ya kwetu kule milimani. Mtani hanuni."

Modesta akainuka. Akajipangusa vumbi mgongoni kadiri mkono ulivyofika, akamtazama usoni.

"Sitanii."

Neno hilo Mluguru hamwambii mtani wake. Ni kama kumrudishia mtu damu yake mkononi. Eustace alivua miwani.

"Sitanii, Eustace. Ulimweka mama yangu kwenye mvua kwa ajili ya mali, kisha ukajificha nyuma ya utani. Tangu leo mimi na wewe hatutaniani. Nikifa, usikanyage kaburi langu. Ukifa, sitakuja kukulilia wala kukucheka."

Eustace alitazama sura moja baada ya nyingine, akitafuta japo tabasamu moja la kujishikiza. Hakulipata.

"Kwetu pia tuna watani," Bibi Bernadeta alisema. "Wanachukua kuku, wanachukua kanga. Kizito wanarudisha. Wewe ulirudisha?"

"Ni zamani sana, mama."

"Sikukuuliza lini."

Eustace akajipangusa shingo. Jasho lilikuwa limeshaanza kuchora kola ya suti ya maziwa, na Modesta alilitazama bila kupepesa. Miaka yote ile alikuwa akijiuliza furaha hii itakuwaje, na ilikuwa vilevile alivyoifikiria, tamu mpaka kwenye fizi.

Bibi akamgeukia Innocent, ambaye alikuwa ameiokota ile kanga na kuikunja, na kuikunja tena. "Mjukuu wangu, wewe hatujakukataa. Tumeukataa mdomo uliokuja nao. Yupo mkubwa mwingine wa kwenu hapa?"

"Hayupo, bibi," kijana akasema kwa shida. "Mjomba aliwakataza."

"Basi hakuna mazungumzo."

Ndani ya nyumba msichana akalia. Lazima alikuwa Happiness mwenyewe, mchumba, amesikia yote dirishani. Innocent aliangalia chini. Modesta alikuwa ameitarajia saa hii, wote kugeuza gari na kurudi Dar na kanga zao, na alikuwa tayari kuendesha mwendo wote huo akipiga mluzi. Ambacho hakukitarajia ni Bibi Bernadeta kumnyooshea kidole yeye.

"Na wewe uliyelala mlangoni kwangu. Mtani akifunga njia, si ndiye huifungua? Ukoo wa kijana ni watani zako, na huyu hajakukosea. Utamsemea?"

"Dereva?" Eustace alipata sauti yake ghafla. "Dereva wa kukodi ndiye aje amposee mpwa wangu? Mimi nipo hapa nimesimama?"

Tusimpambe Modesta. Watu wa Msamvu wakilisimulia jambo hili husema alimwonea kijana huruma, na yeye huwaacha waseme. Haikuwa huruma. Alimtazama Eustace alivyosimama na madaraka yake ya umjomba yamemning'inia, akaona kwamba kumrudisha Dar na posa iliyoharibika ni kidogo. Posa ikiharibika angesimulia kwamba mwanamke mwendawazimu aliwaharibia. Lakini posa ikipita, bila yeye, kila harusi na kila ubatizo na kila msiba wa ukoo wao watu watauliza ni nani aliyemsemea Innocent Tanga, na jibu litakuwa moja.

Akamnyooshea Eustace kiganja.

"Kifungua mdomo."

Ni ile leso yenye fundo la pesa, ambayo msemaji wa posa huiweka mbele ya wakwe kabla hajatamka neno. Eustace aliizuia mfukoni kwa mkono wake. Innocent ndiye aliyemsogelea, kwa upole, kama mtu anayemsaidia mgonjwa kuvua koti.

"Nipe, mjomba," alisema. "Tafadhali."

Eustace akaitoa. Modesta akaipokea, akaipima uzito wa fundo lake mkononi, akampa Innocent mizigo ya mbele na rafiki zake mizigo ya nyuma. Langoni akageuka.

"Kaa garini, Eustace. Vioo nimekushushia. Jua likikuzidi usipige honi, humu ndani wanaongea watu wazima."

Kisha akavua viatu kizingitini, akamwamkia Bibi Bernadeta shikamoo, akaingia na watu wake, na mlango ukafungwa.