Muuguzi Aliyenishika Mkono Bila Kunawa

Admin, nifichie jina, maana huku Mzenga wazee wenye simu kubwa tunahesabika. Nina miaka sabini na nne. Nililetwa Kisarawe kufundisha kutoka Kigoma nikiwa kijana, nikasema nitakaa miaka miwili tu. Mke wangu nimemzika hapa, watoto wako mbali, na kwetu hakuna tena anayenijua.

Mwaka huu niliugua mapafu, nikalazwa chumba cha wagonjwa mahututi, hospitali siitaji. Nilikuwa na mpira kooni, siwezi kusema, lakini akili timamu. Asiyeweza kusema hutazama, na mimi nilitazama mikono. Muuguzi mmoja, mama mkali, alinawa kila alipohama kitanda, ila hakuwahi kunisemesha. Aliyenisemesha ni muuguzi mwingine, binti wa Maili Moja. "We babu, ukifa nitakununia!" Akitoka kumhudumia mzee wa kitanda cha jirani, alivua glavu, akakipita kichupa cha dawa ya mikono, akaja kunishika kiganja. "Glavu hazina joto, babu. Shika mkono wa mjukuu wako." Nilijua alipaswa kunawa kwanza, maelekezo yalibandikwa ukutani, mbele ya macho yangu; na hata kwa jirani alifika hivyohivyo, akitoka vitanda vingine. Hata hivyo kila siku nilimngojea.

Jirani yangu akapandwa na homa. Siku mbili baadaye, mimi. Nikamsikia daktari akiwaambia wauguzi, "Vijidudu ni vilevile. Vimepita mikononi mwetu." Mzee yule alifariki; kwa homa hiyo au kwa ugonjwa wake, sijui. Mimi nilipona.

Niliporudi nyumbani, matroni alinipigia simu. "Mzee, wewe ulikuwa macho. Uliona nini? Hatutafuti wa kumfukuza."

"Sikuona kitu, mama," nikajibu. Mimi, niliyefundisha miaka thelathini nikichukia uongo wa watoto!

Sababu ni kwamba binti yule huja kunijulia hali kila akipata mapumziko. Sina mgeni mwingine. Wiki iliyopita nilijaribu: "Mjukuu wangu, kule mnanawa kweli mkihama kitanda?"

Akacheka. "Babu bwana! Ungekuwa mkaguzi tungekoma. Mimi nikishavaa glavu, si mikono inabaki safi?"

Nikaona anaamini hivyo kwa moyo mweupe kabisa. Nami, niliyeona yote, nikacheka naye, nikammiminia chai.

Nikimwambia kwamba huenda mkono ule ulimpeleka mzee wa watu kaburini, sidhani kama ataweza kunitazama tena usoni, na nyumba hii itarudi kuwa kimya. Nikinyamaza, kuna mtu amelala kwenye kitanda kile sasa hivi, hana sauti, anafurahi akimwona anakuja.

Wanangu mnaosoma, hasa mlio wauguzi: nimwambie mwenyewe, na kwa maneno gani? Au nimpigie matroni nifute uongo wangu? Nishaurini upesi, anaingia zamu kesho asubuhi.