Kaniki Yangu na Mbung'o wa Ng'ambo ya Mto

Mwaka ule mvua ilikatika mapema. Ngitili yetu, yale majani tuliyoyatunza kwa ajili ya kiangazi, iliisha kabla ya wakati. Tuliishi magharibi ya Kahama, pembeni mwa pori ambalo watu walikuwa wameitwa kulikata ili mbung'o wakose kivuli.

Mume wangu hakutulia. Alikwenda zizini, akarudi, akaenda tena. Ng'ombe walilia mchana kutwa.

"Kesho nawavusha mto," alisema. "Kule majani yanafika kiunoni."

"Na mbung'o?"

"Si walishahama? Pori tulilikata."

"Upande wa huku tu."

Nilikuwa nimeona ng'ombe wa kaka yangu wakikonda huku wanakula, macho yakitoka machozi, mpaka wakalala wasiinuke. Tena siku za kukata pori niligundua jambo: sisi wanawake wa kaniki nyeusi tuliumwa na mbung'o zaidi kuliko wanaume wa shuka nyeupe.

"Basi kabla ya ng'ombe, nipeleke mimi na kaniki yangu; mbung'o wakiwapo watanifuata," nikamwambia.

Mama mkwe alikasirika. "Unamfanya mkeo chambo?"

"Nimetaka mwenyewe, mama," nikajibu.

Asubuhi tukavuka mto mkavu, mimi mbele na kaniki yangu, yeye nyuma ameshika tawi. Kwa muda mrefu hapakuwa na kitu. Alianza hata kupiga mluzi. Tulipofika kwenye kichaka kinene, mluzi ukakoma.

"Simama. Usigeuke."

Kitu kama sindano kikanichoma begani.

"Ni wengi?"

Alinipiga mgongoni kwa tawi, tena na tena, kisha akanishika mkono tukatoka mbio. Ng'ambo ya huku alimpasua mbung'o mmoja aliyemuua; alikuwa amejaa damu yangu.

Kesho yake aliwaswaga ng'ombe kuelekea mashariki, kwa ndugu zake wa upande wa Maganzo. Nilibaki na hofu yangu: kila kichwa kikiuma kidogo, niliwaza malale. Usingizi ukinijia mchana, niliinuka nikatwanga hata kisichohitaji kutwangwa.

Sikuugua. Mume wangu alirudi mvua zilipoanza, amekonda. Ng'ombe wengine walikufa njiani kwa njaa, wengi wakafika. Jirani yetu aliyevusha ng'ombe wake mto hakubakiwa hata na ndama. Kiangazi kilichofuata jirani huyo ndiye aliyetuita, tukaenda sote na mashoka tukakiangusha kile kichaka.