Majani Yaliyonuka Ndagala

Mwaka wa kwanza wa Uhuru, agronomu, bwana shamba wa serikali, aligawa vipande vya shina la majani ya ng'ombe, vimefungwa kama miwa. Majani haya, alisema, yametokana na mbegu mbili zilizochanganywa. Yanampita mtu urefu, na ng'ombe akiyala mabichi au makavu, maziwa hayakatiki. Batuli alikuwa amemtuma Esha, mke wa mwanawe, akasikilize. "Wewe iko na masomo, mwanangu. Shika maneno."

Esha aliyashika, akavipanda vile vipande. Kifua chake kilikauka mapema, na mwanawe Amuri aliishi kwa maziwa ya ng'ombe mmoja wa Batuli. Kiangazi kilipobisha hodi, akayakata majani yote kabla hayajatoa maua, akayaanika pale ambapo Rumonge nzima huanika: mchangani, kwenye ufuko wa ziwa wanapoanikwa ndagala, wale samaki wadogo. Yakakauka vizuri mno. Akajisifu hadi kwa majirani.

Ng'ombe akanusa, akapiga chafya, akageuza kichwa.

"Mama Amuri, muongezee ndimu na pilipili!" Feruzi mvuvi akapaza sauti. "Ao anangoja ugali!" Mtaa ukaangua kicheko.

Esha aliyakung'uta, akayaanika upya juu ya paa. Wapi! Harufu ilishaingia ndani ya shina. Maziwa yakapungua, Amuri akawa analamba kikombe kitupu na kulia. Esha akawa anateka maji kwa kupitia njia ya nyuma, asikutane na majirani.

Asubuhi moja, Esha, Amuri mgongoni, alimsikia Batuli uani kwa jirani yao Mwavita, akiomba vigogo vya migomba vya kumlisha ng'ombe.

"Kumbe msomi wako ndiye aliharibu?" Mwavita alikuwa anauliza.

"Hapana. Mimi ndiye nilimwambia aanike pale. Yeye alikataa. Uzee huu, dada!"

Uso wa Esha ukawaka. Angeweza kurudi polepole, na hakuna ambaye angejua. Miguu yake ilitaka hivyo hasa. Akazunguka ua, akapokea kapu la mkwewe.

"Amahoro, Mama Mwavita," akamsalimu. "Mama ananifichia aibu. Ni mimi niliharibu."

Mwavita akafungua mdomo acheke, akaufunga.

Batuli akamfunga Amuri nguo vizuri mgongoni mwa Esha.

"Basi beba. Na kesho utaenda kuomba wewe. Anzia kwa Feruzi, iko na migomba mingi."

"Ndiyo, mama," Esha akajibu, macho yake chini.