Sabuni Niliyoitia Kwenye Gari la Mwanangu

Naona haya kulisimulia jambo hili, na ningelificha mpaka kaburini kama ningeweza, lakini Kumsenga nzima imekwisha kulisimulia kwa namna yake, kwa hiyo ni afadhali mlisikie kwangu mimi niliyelitenda.

Adela, mke wa mwanangu Yohana, alikuwa amerudi kwao Kumsenga, kule Kibondo, kwa miezi minne. Kwa desturi yetu mume hamfuati mke peke yake. Huenda na baba yake, na baba ndiye msemaji, na maneno yakikubaliwa mzee wa nyumba hufungua mtungi wa pombe ya ndizi, akanywa yeye kwanza kwa mrija, kisha akampa mrija baba wa mume, na hapo ugomvi umekwisha. Yohana alimtaka mkewe. Mimi nilitaka tuingie kwa watu kwa heshima, na gari lake lisiwe na doa.

Siku moja kabla ya safari tulikwenda dukani Kasulu mjini. Salumu mwenye duka akatuwekea chupa mbili za maji ya kuoshea kioo cha gari, moja ya kumimina kama ilivyo, nyingine ya kuchanganya, kifuniko kimoja kwa lita moja ya maji safi. Yohana akaichukua ile ya kuchanganya.

"Hii haiachi utando, baba."

Nikamwambia airudishe. (Sikusoma hata siku moja, na chupa ile ilijaa maandishi, nami sipendi kitu kinachozungumza na wengine kikaninyamazia mimi.)

"Nyumbani kuna sabuni ya mawese ya mama yako. Inatoa masizi ya sufuria, itashindwa vumbi?"

"Shikamoo mzee wangu," akasema Salumu, "nakuheshimu sana, lakini sabuni ile ikipoa inaganda."

"Marahaba. Sabuni nimeijua kabla hujazaliwa."

Yohana akairudisha chupa.

Alfajiri, nyumbani Makere, nikachemsha nusu mche wa sabuni mpaka maji yakawa mazito kama uji, nikafungua boneti na kuyamimina mwenyewe, yangali na joto, mpaka kitangi cha maji ya kioo kikafurika. Yohana akasema, "Baba, tujaribu kwanza." Nikamjibu kwamba tutajaribia njiani, na njiani hatukujaribu, maana kwenye lami kioo kilikuwa safi, mpaka tulipoiacha lami ndipo lori lililokuwa mbele yetu likatufunika kwa vumbi jekundu hadi mlangoni kwa wakwe.

Walikuwa wameketi uani wakitungoja, wamevaa vizuri, na mtungi umewekwa katikati.

"Nyunyiza," nikaamuru, "tusiingie na uso mchafu."

Akabonyeza, pakawa kimya. Nikamwambia abonyeze tena, akabonyeza, mara kikatoka kitu kwa mkupuo, kizito, cha manjano, na waipa zikakipaka pamoja na lile vumbi kioo kizima, kama mtu anayekandika ukuta kwa udongo, tukawa hatuoni hata boneti.

"Nasimama, baba."

"Usisimame! Watasema hujui kuendesha. Nakuongoza mimi."

Nikatoa kichwa dirishani (ndiyo, mimi, na kofia yangu ya heshima), nikipiga kelele, "Kushoto! Twende! Twende!" huku povu likipeperuka na kuniingia machoni, kwa hiyo kwa hatua za mwisho niliyekuwa namwongoza mwenye macho nilikuwa nimefumba yangu. Nikasikia wanawake wakipiga yowe, viti vikianguka, na mlio mmoja wa chungu kupasuka.

Hakuumia mtu. Mtungi ulikuwa chini ya gurudumu, na pombe ya upatanisho ilikuwa ikinyweka ardhini.

Nilishuka nikilia kwa sabuni, na vijana wa pale wakadhani nalia kwa majuto. "Jamani, babu ameoga kabisa!" mmoja akasema, wakacheka. Baba yake Adela hakucheka. Adela alitoka ndani, akaukagua mtungi, akagusa kioo kwa kidole, akakinusa.

"Baba, shikamoo. Hii sabuni aliitia nani?"

"Mimi."

"Na Yohana alisema nini?"

"Alisema tujaribu kwanza."

"Kisha?"

Nikapangusa povu machoni. Akamgeukia baba yake. "Baba, uliniuliza mara ngapi nimekimbia nini kwa watu hawa, nikashindwa kueleza? Leo umekiona mwenyewe."

Tukarudi bila mke. Baada ya wiki tatu Yohana alikwenda tena, safari hiyo peke yake, kinyume cha desturi, na wakampokea. Wamepanga nyumba Kibondo mjini, wawili wao, na wanaelewana, nasikia.

Nimeapa kwamba mwanangu akiniletea shauri, nitamwacha amalize kusema kwanza, ndipo nifungue kinywa. Ni kiapo chepesi sana kukitimiza. Tangu siku ile hajaniletea shauri lolote.