Nati Isiyokuwa na Pini

Karakanani walimwita Muhuri, na jina lake la kwenye vyeti likabaki kutumiwa na daktari wa meno peke yake. Kwa miaka ishirini na mitatu alikuwa mkaguzi wa matengenezo ya ndege. Fundi akimaliza kazi alijaza fomu na kutia saini, kisha Muhuri alikuja kuangalia kilichofanyika, na akiridhika aligonga muhuri wake, namba kumi na saba. Bila muhuri huo ndege hairuki.

Jumanne moja asubuhi, ndege yenye abiria arobaini na wanne ilitua vizuri, ikaanza kupunguza mwendo, halafu gurudumu la mbele likaelekea lilikotaka lenyewe. Ndege ikaacha lami, ikaingia majanini, ikasimama. Hakuna aliyeumia. Abiria mmoja alilalamika kwamba shati lake limechafuka, na lalamiko lake likaandikwa.

Kabla ya saa sita mchana sababu ilishajulikana. Nati moja kwenye mtambo wa kugeuza gurudumu ilikuwa imelegea hadi ikadondoka, kwa kuwa haikuwekewa pini ya kuizuia. Pini yenyewe haizidi njiti ya kiberiti. Fomu ilisema imewekwa. Chini yake kulikuwa na saini ya fundi na muhuri namba kumi na saba.

Kikao kilifanyika ofisini kwa meneja, chini ya feni iliyozunguka bila kumpepea mtu. Msimamizi wa zamu alisema yeye hugawa kazi tu, hakazi nati. Bwana stoo alisema pini zimo tele, kila mtu anakaribishwa kuzihesabu. Ofisa wa mafunzo alisema mafunzo yalitolewa na picha zipo. Mpira ukapigwa huku na huku mpaka ukamfikia fundi mwenyewe, dada mmoja mwembamba waliyemwita Kimya, kwa kuwa alizungumza na spana kuliko alivyozungumza na watu.

"Niliitwa katikati ya kazi," alisema. "Msimamizi alinituma kwenye ndege nyingine. Niliporudi nikakuta nati imekazwa, nikadhani nimeshamaliza. Nikajaza fomu. Kosa ni langu."

Meneja akashusha pumzi. Fundi mmoja, kosa moja, barua moja ya kumwachisha kazi. Akavuta karatasi.

Muhuri naye alikuwamo kikaoni. Alijua jambo ambalo pale chumbani hakulijua mwingine: tangu mwaka uliopita macho yake yalikuwa yameanza kumsaliti. Siku ile aliinama chini ya ndege, akaona kitu kinang'aa mahali pini inapokaa, akasema moyoni kwamba binti huyu hajawahi kumwangusha, akagonga.

Nyumbani ni mkewe, fundi cherehani, aliyekuwa ameligundua hilo. "Baba watoto," alimwambia siku moja, "hilo gazeti ukilisogeza mbali zaidi atalisoma jirani." Muhuri akajibu kwamba taa ni hafifu. Ilikuwa saa nne asubuhi.

"Meneja," alisema sasa, "usiandike kwanza."

"Kuna la kuongeza, mzee?"

"Huyu alisahau. Mafundi wangekuwa hawasahau, msingeniajiri mimi. Mimi ndiye niliyetakiwa kuiona ile pini, na sikuona kama ipo wala kama haipo. Macho yangu hayaoni vitu vya karibu. Nimewaficha mwaka mzima."

Meneja akaweka kalamu mezani.

"Unaelewa unachosema?" meneja aliuliza taratibu. "Umepitisha kazi ngapi tangu hapo?"

"Mia moja na kumi na mbili. Orodha ninayo. Zote itabidi ziangaliwe upya."

Msimamizi wa zamu akafunika uso kwa kiganja. Ratiba ya ndege ilikuwa mikononi mwake.

Ukaguzi ulichukua siku kumi na tisa. Zilipatikana kasoro ndogo tatu, na moja isiyokuwa ndogo: bomba la breki lililosuguliwa hadi likabaki jembamba kama ganda la kitunguu. Hilo ndilo lililomnyima Muhuri usingizi kuliko ndege iliyoingia majanini. Ndege yenye bomba hilo ilikuwa imebeba watu wiki sita, nao wakishuka wanamshukuru rubani.

Alinyang'anywa muhuri, akapelekwa stoo. Kimya alipewa onyo la maandishi, na msimamizi naye akapewa lake, ambalo alilisoma mara mbili akitafuta jina la mtu mwingine.

Jioni ya siku alipopelekwa stoo, Muhuri alimsimulia mkewe yote.

"Wangeweza kukufukuza?" mkewe aliuliza.

"Wangeweza."

"Na wale abiria?"

"Wako makwao."

"Basi kula, chakula kinapoa."

Baada ya miezi minane alipimwa, akafaulu kwa miwani, akarudishiwa ukaguzi. Siku ya kwanza Kimya alimfuata chini ya bawa.

"Mzee, nilikuwa nimeshakubali kosa. Kwa nini ulisema?"

"Ulikubali la kwako," alijibu. "Langu lilikuwa limebaki."

Kimya akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye kazi yake. Rubani akaja kuuliza kama ndege iko tayari, akaambiwa bado. Akauliza itakuwa tayari lini. Muhuri akamwonyesha benchi la kusubiria.