Starehe, Nimeshiba

Nilikuwa natoka Mingoyo, kwenye arobaini ya mdogo wangu, nikaomba lori liniteremshe Kitomanga. Sikuwa na wa kumtembelea pale. Nilitaka tu kukanyaga tena ile njia ya mchanga iliyokuwa ikipita mbele ya nyumba yetu.

Nyumba yenyewe haipo, wala sikuitarajia. Mahali pake pana mikorosho, na nyuma ya mikorosho pana nyumba ya watu wengine, ya udongo uliokandikwa vizuri. Ulikuwa wakati wa chakula cha mchana. Nilisikia mwiko ukikwangua chungu, nikasikia harufu ya kisamvu cha nazi, nikasikia mtoto akigombezwa kwa kumwaga mchuzi. Lakini barazani hapakuwa na mtu. Mlango ulikuwa umefungwa, wanakula ndani.

Siwalaumu, kila mtu na nyumba yake. Ila nilisimama pale njiani kupita kiasi cha adabu, kwa sababu mlango uliofungwa wakati wa kula naufahamu. Niliuona ukifungwa nilipokuwa mtoto, na niliona ulivyomfanya mdogo wangu.

Kabla ya vita, kwetu hakuna aliyekula ndani isipokuwa mgonjwa au mwanamke aliyetoka kujifungua. Baba alikula barazani pamoja na mdogo wangu. Mama na mimi tulikula uani, na ua wetu ulikuwa wa matete mafupi, hata mtu akipita tuliona kilemba chake. Bibi, mama yake baba, aliweka kigoda chake penye kona ya nyumba, aone barazani na aone uani. Tulikula ugali wa mtama na kunde, siku nyingine samaki mkavu aliyeletwa na wachuuzi kutoka pwani, na msimu wake ukifika, ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini ambayo mpaka leo nikiisikia ikinukia naona uso wa mama kwenye moshi.

Mdogo wangu alikuwa na kazi moja pale barazani, nayo ni kuita wapita njia. Chakula kikitua tu, yeye macho njiani. Akiona mtu, anapaza sauti, "Karibu tule!" Naye mtu hujibu, "Starehe, nimeshiba," akapita zake, au huketi, akanawa. Mtoto aliipenda kazi ile kuliko chakula chenyewe. Asipopita mtu aliita mbuzi, aliita kunguru. Siku moja alimwita akida, yule aliyewekwa na Wajerumani kutusimamia kwenye shamba la pamba, na akida akashuka kwenye punda wake, akanawa, akala samaki wote mpaka kichwa. Baba alikuwa akijikaza, midomo inamcheza. Punda alipokwisha kutokomea, Bibi alisema kutoka konani kwake, "Mume wangu, yule ni wa kuamkia tu, si wa kumwita." Baba akacheka mpaka akalala chali. Bibi alimwita mdogo wangu mume wangu, na mimi akaniita mke mwenzangu, kama walivyo mabibi wa kwetu.

Jambo moja kuhusu Bibi nataka ulijue, kwa sababu mengine yote yanatoka hapo. Hakuwa na desturi ya kumuuliza mtu ana nini. Alitazama mkono wake wakati wa kula. Tonge kubwa linalokwenda mbio, alijua mwenye mkono ana hasira. Anayechovya mchuzi bila tonge ana hofu. Mama, kila alipokuwa na neno moyoni, alishika tonge akalibinyabinya kwenye kiganja bila kulipeleka kinywani. Bibi alimwacha kidogo, kisha akamwuliza, "Mkamwana wangu, unakula au unafinyanga chungu?" Mama angecheka. Na akishacheka, angesema. Kwa hiyo kwetu watu hawakulala na neno. Lilitolewa pale pale kwenye chakula, likaliwa pamoja na kunde.

Kisha pamba ikazidi. Watu walilima shamba la akida, na mashamba yao yakaota nyasi. Yakaja maneno ya maji ya dawa, kwamba risasi ya Mjerumani itayeyuka kwa aliyeyanywa. Baba aliyanywa. Alikula nasi asubuhi ile aliyoondoka kwenda vitani, na tonge lake lilikuwa la kawaida kabisa. Bibi alilitazama mpaka mwisho. Baba hakurudi. Walikuja askari, wakachoma vihenge vya mtama, wakachoma na mtama uliokuwa bado shambani. Mama aliugua homa mvua zikikaribia, akafa. Mimi nilikuwa chuo cha Kurani, nimefika juzuu ya kwanza. Mwalimu alinitoa mlangoni akaniambia nitarudi mambo yakitulia. Sikurudi. Nilikuwa mkubwa wa nyumba, na nyumba ilikuwa imebaki Bibi na mdogo wangu.

Njaa ilianza na ming'oko. Kila mtu aliingia porini na jembe, mpaka ming'oko ikaisha. Ikabaki ndiga. Wewe uliyezaliwa baadaye huenda hujapata kuila. Ni kiazi cha porini chenye sumu. Unakimenya, unakikata vipande vyembamba, unakiloweka kwenye maji yanayotembea siku baada ya siku mpaka ukali utoke. Ukikiharakisha kwa sababu ya njaa, kichwa kinazunguka, unasema maneno yasiyo na maana, na wengine hawaamki. Kwetu aliyeonja alikuwa Bibi. Ndiga ikiiva, alikula kipande, akakaa kwenye kigoda akingoja kama kichwa kitamzunguka, nasi tumemkodolea macho. Baadaye husema, "Kuleni. Mimi nimeshiba kwa kuonja."

Wakati huo ndipo milango ilipoanza kufungwa. Hakuna aliyetangaza. Nyumba moja ilifunga, kisha ya pili, kisha ukapita kijijini mchana ukadhani watu wamehama. Moshi ulitoka juu ya makuti, lakini huoni mtu. Asiyekuona hakuiti, na usipomwona huna haja ya kumwita. Na sisi tukafunga.

Siku moja tunakula gizani mle ndani, tukasikia hatua za mtu njiani. Mdogo wangu, kwa mazoea, akafungua kinywa. Alifika kwenye "kari" tu. Bibi akamziba kinywa kwa kiganja chake, chenye ndiga bado vidoleni, akamshika hivyo mpaka hatua zikapita. Hakumpiga, wala hakumfokea. Alipomwachia, mtoto alimtazama kama anayemtazama mtu asiyemjua.

Tangu siku ile hakusema. Mara ya kwanza tulidhani amenuna. Lakini siku zilipita. Alikula amegeukia ukuta, mgongo kwetu. Alificha vipande chini ya mkeka vikaota ukungu. Watoto wa jirani walimwita acheze, hakutoka. Akiguswa hustuka. Nilimwimbia, nikamfinya, nikamwahidi vitu nisivyokuwa navyo. Alinitazama tu, macho makubwa kwenye uso uliobaki mfupa.

Bibi aliutazama mkono wake. Alikuwa akimega kipande kidogo kama cha kulisha kifaranga, anakiweka mdomoni, hatafuni.

"Mke mwenzangu," aliniambia, "ndiga tunampa, na bado anakwisha. Njaa ya huyu si ya tumbo peke yake."

"Ana nini, Bibi?"

"Mlango huu unamla. Na mkono wangu huu."

Ndiga ya safari ile ilipoiva, akaonja, akangoja. Kisha akainua chungu mwenyewe akatoka nacho barazani, akakiweka pale pale baba alipokuwa akiketi. Mimi nilibaki kizingitini.

"Bibi, watu watatuona."

"Ndivyo ninavyotaka."

"Wakija je?"

"Wakija tutakula nao. Wasipokuja tutakula sisi. Mlete mume wangu, ukae chini."

Nilimbeba. Alikuwa mwepesi kama kapu tupu. Nilimkalisha, naye akageuka kutafuta ukuta, na barazani hapakuwa na ukuta upande ule, palikuwa na njia tu. Nilivitazama vile vipande chunguni, nikavigawa kwa macho, nikaomba Mungu asipite mtu.

Akapita jirani yetu wa upande wa kisimani. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi, mwenye kicheko cha kusikika mpaka mtoni. Sasa alikuwa anatoka porini, jembe begani, kapu halina kitu, miguu yake imekuwa kama ule mpini wa jembe. Alituona, akapunguza mwendo.

"Karibu tule," Bibi akasema. Akarudia kwa sauti zaidi. "Karibu tule."

Jirani alisimama. Alikitazama chungu, nikaona koo lake likipanda na kushuka.

"Shikamoo, Bibi. Starehe. Nimeshiba, nimetoka kula sasa hivi."

"Marahaba. Umekula nini?"

"Wali," jirani akasema, bila kupepesa.

"Wali wa nazi?"

"Wa nazi. Na papa."

Wakatazamana, wote wawili wakavu kama kuni. Na hapo kando yangu nikasikia sauti nyembamba, yenye kutu ya kutotumika.

"Muongo."

Tuligeuka. Mdogo wangu alikuwa akimtazama jirani usoni.

"Nani muongo, we mtoto?"

"Wewe. Nyumba yako haina hata moshi."

Siku za raha angepigwa kofi, na mimi ningepigwa la pili kwa kutomfunza adabu. Jirani aliangusha jembe. Akaanza kucheka, kicheko kile kile cha mpaka mtoni, ila kimekonda. Bibi akashika mbavu. "Mume wangu amefufuka," alisema, machozi yanamtiririka, "amefufuka na matusi mdomoni." Jirani akaketi. Alichukua kipande kimoja, akala polepole, hakuchukua cha pili hata alipobembelezwa. Kesho yake alitoa chungu chake cha majani barazani kwake, akatuita sisi. Bibi akamjibu kwa sauti kwamba tumeshiba, tumekula mbuzi. Mdogo wangu akapaza sauti kutoka kwetu, "Muongo!"

Ikawa ndiyo desturi ya mtaa wetu. Mlango mmoja ukafunguka, na mwingine. Watu waliitana wakijibiana kwamba wamekula pilau, wamekula kuku wa kupaka, wamevimbiwa, na watoto wakipiga kelele za muongo, muongo. Chakula hakikuongezeka hata chembe, na wengine walikufa. Lakini sikumwona tena mtoto aliyekula amegeukia ukuta, na mdogo wangu alianza kutafuna. Alirudia kazi yake, akaita watu, akaita kunguru waliobaki.

Mvua zilinyesha. Mtama wa mbegu tulioupata kwa taabu ukatoa mashuke, bado mabichi. Asubuhi moja Bibi aliketi kwenye kigoda chake, na tulipomwita hakuinuka.

Jirani ndiye aliyemwosha. Nilikuwa nikimshikia maji. Alipomfunua aliirudisha kata ya maji niliyompa. Tumbo la Bibi lilikuwa limegusana na mgongo. Jirani aliuliza bila kunitazama, "Alikuwa anakula nini huyu?"

"Alikuwa anashiba kwa kuonja," nikasema.

Nilipoyasikia maneno yale yakitoka kinywani mwangu ndipo nilipoyaelewa. Jirani alimfunika kwa taratibu, akamwekea mkono kifuani.

"Basi alikuwa muongo kuliko mimi," akasema.

Bibi aliisoma mikono yetu yote, ya baba, ya mama, ya mdogo wangu. Wake hapakuwa na wa kuusoma. Na yule mtoto aliyemkamata jirani kwa uongo wa wali na papa, uongo wa bibi yake aliuamini kila siku, kama mimi.

Nilimlea mdogo wangu kwa mtama ule. Alikua, akaenda Mingoyo, akalima, akaoa. Jua liwake au mvua inyeshe, alikula barazani, na mkewe alichoka kulalamika. Mtu akipita akasema starehe, nimeshiba, mdogo wangu aliinuka, akamshika mkono, akamkalisha. Hakumwamini mtu juu ya neno lile. Nilipokwenda kumtembelea, alinitazama mkono nikila, na nikiminya tonge aliuliza, "Dada, unafinyanga chungu?" Kwenye arobaini yake walikuja watu ambao hata mkewe hakuwajua, wachuuzi, wapita njia, kila mmoja akisema alipata kulishwa pale.

Sasa nimebaki mimi. Kisima kimefukiwa, nyumba ya jirani ni kichuguu, na ndiga hakuna mtoto anayeijua, jambo ambalo namshukuru Mungu. Nilisimama njiani Kitomanga mbele ya mlango ule uliofungwa, harufu ya kisamvu ikinifikia, na tangu asubuhi nilikuwa sijatia kitu mdomoni.

"Starehe," nikauambia mlango. "Nimeshiba."

Nikangoja kidogo. Hakuna aliyeniita muongo.