Karani na Barua ya Mwalimu Mpya

Usiku kucha sisi akina mama wa mji wa Baraka tulingoja lori la kutoka Kilembwe, maana lilikuwa linaleta barua ya kueleza kwa nini mwalimu mpya aliondolewa kule. Binti yangu Anastasie alikuwa anasoma katika darasa la mwalimu huyo. Kulipokucha, barua ilikuwa mikononi mwa karani wa shule. Huyu karani nimemtazama miaka mingi. Ukikaribia meza yake, anageuza karatasi kifudifudi kabla hajakuamkia. Vidole vyake vina wino mpaka kwenye kucha, lakini sijaona doa hata moja kwenye shati. Anasema polepole, kama mtu anayepima chumvi. Asubuhi ile alisoma barua mara mbili, akaifungia sandukuni, na ufunguo akaurudisha shingoni.

“Bwana karani, banaandika nini?” nikamuuliza.

“Mama Anastasie, maneno ya mwalimu iko ya mwalimu. Hata yako ingekuwa humu, singesomea bamama bengine.”

“Na mutoto iko wa nani?”

Karani aliinuka. Alifuta kalamu, akabeba meza yake mpaka barazani, akaiweka mbele ya darasa la mwalimu mpya. Kisha akaufungua mlango wote na kuuzuia kwa kiti chake.

“Karani, upepo utapeperusha karatasi zetu,” mwalimu alilalamika kutoka ndani.

“Joto iko mingi, Mwalimu,” alisema, akaanza kuandika akiwa amesimama, kila mara akitazama ndani kwa watoto.

Saa sita mvua ilinyesha, ikamlowesha mabega. Mlango haukufungwa.